Hiyo Si Kunona

Soko ya Kitale ilikuwa imejaa mpaka msichana akakanyaga viatu za mitumba Wekoye alizotandaza chini.

"Siste, hizo ni za kuvaa, si za kukanyaga."

"Nivalishe basi, tuone kama unajua kazi."

Waruguru alikuwa na dera ya manjano na kucha nyekundu. Wekoye akaingia boksi, akampenda siku hiyo hiyo. Mwaka haujaisha, wanaishi pamoja, Waruguru ana mimba, na Wekoye amemnunulia pete. Wazee wa kwao Wekoye, Bumula, wangeenda kwa kina Waruguru kuposa baada ya mavuno.

Halafu mambo ikageuka. Waruguru akaanza kulala mchana kutwa. Wekoye akiwa Bungoma kuuza, anapiga simu, haishikwi. Akarudi, akapata pete imewekwa kwa kikombe.

"Umepata mwingine?"

"Kichwa inaniuma, Wekoye. Usinipigie kelele."

"Ati kichwa. Si useme tu umechoka na maskini."

Waruguru akageukia ukuta. Wekoye akabeba gunia, akaenda kwa mamake Bumula.

"Huyo hana shida," mamake akamwambia. "Jumapili nilipita kwenu, nikamwona amenona uso, mpaka miguu. Analishwa vizuri."

Hiyo ikamchoma zaidi. Analishwa na nani?

Wiki haikuisha, Mary Ann, dadake Waruguru, akapiga.

"Sasa Mary Ann."

"Shemeji, wacha salamu. Kuja hospitali Kitale. Hata kama mmekosana."

Alimkuta Waruguru amefura mpaka macho imebaki mistari. Vidole zilikuwa nene kama ndizi. Hapo ndipo Wekoye alielewa pete.

Nesi hakumzungusha. "Presha imepanda vibaya. Na damu tumepima, inaonyesha figo na ini zimeanza kuumia. Hiyo si kunona. Mtoto hajafikisha wakati, lakini tunamtoa sasa, ama tuwakose wote."

"Na mkimtoa?"

"Tutajaribu."

Waruguru akafungua mdomo, ulimi mzito. "Umekuja kuchukua pete yako?"

"Nimekuja kuomba msamaha, mpenzi. Mimi ni mjinga."

"Hiyo najua."

"Wazee hawangoji mavuno tena. Jumamosi wako kwenu."

"Watamkuta nani?"

"Wewe, bana."

"Usiniongeleshe kama unauza kiatu."

Waruguru akacheka kidogo, kicheko kikamgeukia maumivu. Kitanda ikaanza kusukumwa. Wekoye akatembea kando, amemshika mkono, mpaka mlango ya theta ya upasuaji.

"Wekoye, mbona giza imeingia mapema hivi?"

Jua ya saa sita ilikuwa inamulika korido yote.

"Mvua inakuja, mpenzi," akasema, na mlango ikafungwa.