Mkwe Hapitwi Njiani

"Umeachia mafuta, Gibson! Nimekuona."

Gibson alivua helmeti bila kumtazama Dafroza. Mbio za magari makuukuu nje ya Butiama zilikuwa zimeisha punde, na mshindi ni Mzee Apolinary, baba yake Dafroza. Raundi zote Gibson alimganda nyuma, bampa kwa bampa. Mwishoni, penye nafasi ya kuchomoka, akapoa.

"Sasa ningempita vipi? Mkwe tunampishaga njia."

"Njia ya kijijini, siyo hapa!"

Simu ya Dafroza ikalia, ujumbe umeingia. Mzee alikuwa ng'ambo ya uwanja tu, amenuna ndani ya Corolla yake, lakini aliandika:

"Mwambie asilete ng'ombe Jumamosi. Sitoi binti kwa mtu anayenionea huruma."

Wanaume wake wawili, na ndoa inavunjika kwa sababu ya adabu! Akampigia.

"Baba, amekuheshimu."

"Nimeendesha malori mpaka nimeota mvi, mama. Nimemwona kwenye kioo ananiachia. Hiyo ni heshima?"

"Basi rudieni raundi moja. Mimi nakaa naye garini, asikuachie."

Corolla ikanguruma.

Dafroza akajifunga mkanda kando ya Gibson. Vumbi, mawe yanagonga bati. Walipomkaribia mzee, gari lake likawapasulia upepo na lao likawa jepesi, likavutwa mbele lenyewe. Dafroza akapiga kelele za raha.

"Pita!"

"Naogopa."

"Unaogopa mwendo?"

"Naogopa kukukosa, Dafroza."

Akamwekea kiganja gotini, akakandamiza taratibu.

"Hunikosi. Kanyaga!"

Wakachomoka. Dirisha kwa dirisha, akamwona baba yake anacheka peke yake. Halafu wakamwacha.

Waliposimama, mzee alishuka uso umejaa vumbi. Gibson akainamisha macho.

"Nitazame, kijana. Huyu alipokuwa mdogo, tukishuka na lori kwenda Bunda, alikuwaga anapiga kelele hizo hizo. Alipokua akanyamaza. Nilidhani zimeisha."

"Hazijaisha, baba," Dafroza alisema.

"Nimezisikia." Akampa Gibson mkono. "Jumamosi leta ng'ombe wako. Na kila siku umfanye apige kelele hivyo."

Dafroza akawakumbatia wote wawili kwa mkupuo, akilia hadharani wala haoni aibu.