Mkuyu Juu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jua lilikuwa linazama mkata miti alipofika kwa dada yake, shoka begani. Alikuwa ameitwa kuutazama tu ule mkuyu ulioinamia nyumba. Kuukata kungengoja asubuhi. Lakini wingu lilikwisha kutanda, jeusi kama masizi, na upepo ulikuwa ukipiga miluzi kwenye mabati.

Aligonga shina kwa kisogo cha shoka. Mti mzima hujibu kwa sauti nzito. Huu ulilia kama ngoma. Ndani umeoza wote, aliwaza.

Akagonga tena. Ko... ko...

Ko, kikajibu kitu kutoka ndani.

Nywele zilimsimama. Harufu ya udongo mbichi ilimjaa puani, kama ya kaburi jipya.

"Dada," alinong'ona, "toa watoto. Leo mlale kwa jirani."

Watoto walitoka mbio. Aliyegoma ni mama mkwe wa dada, bibi aliyepooza miguu zamani. Kitanda chake kilikuwa chini kabisa ya tawi kubwa.

"Niache, mwanangu. Mimi na huo mti tumeshikana. Nikitoka, nao hautabaki."

"Mama, roho haina spea," alimjibu, akambeba mgongoni.

Bibi alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Walipovuka kizingiti, upepo ukakatika. Hata jani halikutikisika.

Ndipo mkuyu ukaanguka.

Paa lilifumuka, kitanda kikawa vijiti. Mkata miti alitaka kupiga kelele, lakini mzigo mgongoni ulikuwa umebadilika. Ulikuwa mzito. Mzito kama gogo bichi. Akamtua.

Bibi akasimama. Kwa miguu yake mwenyewe.

"Ahsante kwa kunitoa," alisema, kwa sauti ambayo dada hakuwahi kuisikia.

Majirani walisema ni muujiza. Hofu humtimua hata kiwete, walicheka. Mkata miti hakucheka.

Nyumba ilijengwa upya. Msimu wa mvua uliporudi, jioni moja simu ya mkata miti iliita.

"Kaka... upepo umeanza. Mama mkwe amesimama nje, dirishani kwa watoto. Namwita, hataki kuingia."

"Anafanya nini?"

"Ameegemea ukuta tu. Kaka, ukuta unalia ko... ko..., kama ngoma."

"Toa watoto," alisema, akipapasa viatu. "Yeye usimguse. Toa watoto!"