Supu ya Jumamosi Siku ya Jumanne

Kwetu Jamaika, supu ni ya Jumamosi. Jumapili ni wali wa maharage, na anayebadilisha mpango huo huulizwa kama ana homa. Jirani yangu Bibi Icilda aliulinda mpango huo kuliko mchungaji wetu anavyolinda madhabahu.

Aliishi na mjukuu wake Keturah, msichana wa miaka kumi na saba. Keturah alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Chembe zake za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na mifupa humuuma hadi analia. Mwaka uliopita, sikukuu ya Agosti ya kukumbuka kufutwa kwa utumwa ilimkuta kitandani. Wenzake walicheza kwadrili, ngoma ya jozi jozi ya wazee wetu, naye akaishia kuisikia banjo dirishani. Mwaka huu alitaka kucheza, basi.

Bibi akaamua kumwongezea damu. Kila asubuhi alimpa jusi ya bitiruti iliyochanganywa na maziwa mazito matamu ya kopo na bia nyeusi. Juu yake akamnywesha dawa ya madini ya chuma aliyojinunulia dukani. Keturah alishushia kwa soda na maandazi. Maji hakuyapenda. Mwezi Juni maumivu yakamrudia, makali kuliko ya zamani.

Nesi Pansy wa kliniki yetu akaja kumwona. Aliinusa ile glasi, akakunja uso.

"Bibi, hii bia ni ya nani?"

"Ya damu. Mama yako alikulea kwa hiyo hiyo, usijifanye."

Nesi akacheka, akakubali kwamba ni kweli. Kisha akaketi, akaeleza. Damu ya Keturah haipungui kwa kukosa chuma. Chembe zake huvunjika upesi, na chuma chake hubaki mwilini. Ukiongeza kingine bila kupimwa, kinaweza kurundikana na kudhuru ini na moyo. Bia nayo hupunguza maji mwilini, na maji yakipungua, chembe hujikunja zaidi. Bitiruti haina kosa. Kosa ni vilivyotiwa ndani yake.

"Sasa nimpe nini, upepo?"

"Mpe supu yako ile ya Jumamosi. Malenge, maharage, mboga za majani, tangawizi, samaki. Vyakula hivyo husaidia kutuliza uvimbe ndani ya mishipa. Punguza vya kukaanga na vya sukari. Na maji anywe kutwa."

"Leo Jumanne, mwanangu."

"Maumivu yanajua kwamba leo ni Jumanne?"

Bibi akainuka kutafuta sufuria. Nesi akaongeza kwamba chakula hakiponyi selimundu. Keturah aendelee na vidonge vya kliniki, na akipata homa, apelekwe hospitali mara moja.

Jioni hiyo harufu ya supu ikatanda mtaani. Mzee Wellesley wa nyumba ya pili akachungulia uani kwa Bibi, akauliza nani amefariki hata supu ipikwe Jumanne.

"Kalenda yako," Bibi akamjibu. "Lete bakuli."

Keturah akaanza kunywa maji, huku akilalamika kwamba atageuka samaki. Maandazi akayaacha kwa shingo upande. Mwezi Julai maumivu yalikuja tena, lakini mepesi, na dawa ikayatuliza nyumbani. Nesi akamruhusu kucheza, ila apumzike kila awamu na asingoje kiu.

Agosti ikafika. Keturah alicheza, akatoka kupumzika, akanywa maji, akarudi uwanjani. Alipopita mbele yetu alikuwa anacheka, sketi yake ikizunguka. Furaha ilinijaa kana kwamba ni mtoto wangu. Bibi alikuwa akilia waziwazi, wala hakujificha.

"Mwaka jana saa hizi nilikuwa nimemkanda miguu mpaka mikono ikafa ganzi," akaniambia. "Leo namwita aje ale, na simpati."