Kivuva Alikula Wapi Kalkuta?

"Muulizeni alikula wapi," alisema Mutie, akiegemea nguzo ya ghala kama mtu aliyeshiba. "Muulizeni tu."

Mbuzi watatu wa ntheo alioleta Kivuva walikuwa wamefungwa mbele ya nyumba ya Mzee Ndululu, baba yake Ndinda, pale Matiliku. Wakishachinjwa na kuliwa, Ndinda ni mke wa Kivuva kwa desturi ya Wakamba, na hakuna wa kutengua. Kisu kilikuwa kimekwisha kunolewa. Ndinda, aliyekuwa akiwagawia wazee uji, alisimama na kibuyu mkononi.

Nani Matiliku hakujua Kivuva alikula wapi? Kwao ni kijiji cha Kwa Vonza, lakini kabla ya vita alikuwa fundi cherehani hapo sokoni, na tangu arudi kutoka Burma mwaka wa arobaini na sita alilisimulia jiji la Kalkuta mpaka watoto wakazijua njia zake. Ndinda alikuwa na zaidi ya masimulizi. Alikuwa na barua, na kwa kuwa alisoma shule ya misheni, moja aliijua kwa moyo:

"Ukifika Kalkuta usianze na maduka, utalewa. Anza na daraja la chuma. Halina nguzo hata moja majini, na tramu inapita juu yake. Kisha nenda bustani ya wanyama ukamwone kobe mzee, mpana kama meza. Wanasema alitoka visiwa vya upande wetu wa bahari, basi msalimie kama jamaa. Vitambaa nunua soko kubwa la matofali mekundu. Ukitajiwa bei, cheka, uondoke, utaitwa. Njaa ikikushika, kuna hoteli yenye mlango wa vioo. Meza zimetandikwa vitambaa vyeupe. Samaki wao wa haradali nilimla mpaka nikalegeza mshipi."

Ni hoteli hiyo iliyomteka Mzee Ndululu. Miaka kumi na miwili alikuwa mpishi wa mkulima mmoja wa Kizungu, akila amesimama nyuma ya jiko. Mkamba aliyeketi kwenye kitambaa cheupe akaletewa sahani, alisema, huyo ndiye atakayemwoa binti yangu. Mutie naye alikuwa amemposa Ndinda mara mbili, akakataliwa mara mbili. Alikuwa kikosi kimoja na Kivuva, na likizo ya Kalkuta walikwenda pamoja.

"Tulifika mlangoni wawili," Mutie aliendelea. "Bawabu akanyoosha mkono. Askari Waafrika hawaingii. Huyu bwana, samaki alimwona kupitia kioo."

Wazee walicheka. Hata mama yake Ndinda alijifunika mdomo kwa leso.

Mzee Ndululu hakucheka. Alimwuliza Kivuva kama ni kweli. Kivuva akatazama viatu vyake vya jeshi, akasema ni kweli. Kisha akawaendea mbuzi, akaanza kufungua kamba.

"Wacha hiyo kamba," alisema Ndinda.

"Nimeaibika, Ndinda. Niache niende."

"Umeaibika kwa kufukuzwa, au kwa kunidanganya?"

"Yote mawili."

"La kufukuzwa si lako. Mwachie mwenye mlango. La kunidanganya ni lako, na tutalisema mimi na wewe, si mbele ya watu wanaocheka. Sasa niambie, siku ile ulikula nini?"

Mama yake alimnong'oneza anyamaze, hayo ni mambo ya wanaume. Ndinda aliweka kibuyu chini, wala hakunyamaza.

"Ulikula nini, Kivuva?"

"Mkate wa kukaanga na dengu. Kando ya barabara." Alisema polepole, akiitazama kamba. "Kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu, na karai la mafuta, na benchi la wapagazi. Aliona tulivyofukuzwa. Akawaambia wapagazi wasogee. Lugha moja hatukuwa nayo. Alitia chakula kwenye jani, akaketi, tukala jani moja. Nilipotaka kulipa alinifumba mkono. Halafu akafunga kazi yake, akanitembeza mpaka jioni. Daraja, kobe, soko, kucheka bei, yote ni yeye."

"Ukamficha mtu kama huyo mwaka mzima, ukanipa kitambaa cheupe?"

"Nani angetaka mume aliyelishwa barabarani?"

Ndinda alimgeukia mwingine.

"Na wewe, Mutie, ulikula wapi?"

Mutie alisema yeye alirudi kambini. Walikuwa wameambiwa waondoke, na amri ni amri.

"Hata daraja hukuliona?"

"Daraja la nini, na nimeshafukuzwa?"

"Basi mlifukuzwa mlango mmoja. Mmoja akaenda kulala, mwingine akauona mji."

Kicheko kilihama upande. Mutie aliondoka kwenye nguzo, akatafuta pa kuweka mikono.

Mzee Ndululu aliinua fimbo, watu wakatulia. Alisema neno lake halikuwa la mchezo. Aliahidi binti kwa mtu aliyeketi mezani, na mtu huyo hayupo.

"Nikisema mbuzi hawa warudi Kwa Vonza?"

"Watarudi, baba. Na mimi nikiwachunga."

Hakuna binti aliyewahi kumjibu Ndululu hivyo katika boma lile. Mzee alimkazia macho muda mrefu. Ndinda naye hakuyashusha yake.

Mwishowe mzee alimgeukia Kivuva.

"Yule mtu wa dengu. Aliketi nawe kweli?"

"Aliketi, mzee."

"Na watu wakiona?"

"Barabara nzima ikiona."

"Miaka kumi na miwili," alisema Ndululu, kama anayezungumza na fimbo yake. "Nilimpikia, nikamuuguza na malaria yake. Hakuketi nami hata kwa kikombe cha chai." Akakohoa. "Chinjeni hawa mbuzi. Jua linatuchoma bure."

Waliliwa wote watatu. Mutie pia alikula. Njaa haina hasira.

Watu walipoanza kutawanyika, Kivuva alimfuata Ndinda penye kuni, akaanza kuomba radhi kwa maneno mengi yaliyoshonwa kifundi. Ndinda alimkatiza.

"Mahali pengine wakikufukuza, usiniletee samaki. Njoo nyumbani uniambie, tukasirike wawili."