Ratri Akataa Kusema "Siumwi"

Kila Jumatatu asubuhi, wanafunzi wa shule ya Ratri katika mji wa Klaten walipanga mistari uwanjani kupandisha bendera. Ratri alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliishi na Bibi Sumiyem, kwa sababu wazazi wake walifanya kazi mbali, katika jiji kuu la Jakarta, wakirudi nyumbani wakati wa Idi tu. Bibi aliuza dawa za mitishamba mitaani. Kabla jua halijatoka alikuwa ameshasaga manjano, ameshakamua ukwaju na kujaza chupa zake.

"Kunywa yote," alisema Jumatatu hiyo, akimpa mjukuu wake glasi. "Siku zako zimeanza, eti?"

"Ndiyo, Bibi. Tumbo linaniuma sana leo."

"Sote tuliumwa. Mwanamke hatangazi tumbo lake barabarani. Kunywa, uende shule."

Ratri akanywa, akaenda. Wimbo wa taifa ulipofika katikati, maumivu yalimkaba chini ya kitovu kama mikono inayokamua nguo mbichi. Jasho la baridi likamtoka. Akachuchumaa, kisha akatapika manjano yote juu ya soksi zake nyeupe.

Mwalimu Gunadi, mwalimu wa michezo, akaja mbio. Hakuinama kumwangalia.

"Wewe tena? Mwezi uliopita wewe, mwezi juzi wewe! Bendera ikipanda tu, Ratri anaumwa."

"Mpeni tuzo, mwigizaji bora wa mwaka!" akasema Yunita, aliyesimama mstari wa nyuma. Watoto wakaangua kicheko.

"Sijifanyi, Mwalimu," Ratri alisema.

"Basi simama."

Akasimama. Hakuwa na nguvu, alikuwa na hasira tu, na hasira ile ndiyo iliyomshikilia mpaka mistari ikavunjwa.

Jumatano wahudumu wa kituo cha afya wakaja shuleni na fomu za kila mwanafunzi. Kwenye fomu ya wasichana, swali la saba liliuliza: "Je, wakati wa hedhi unapata maumivu makali yanayokuzuia kufanya shughuli zako?" Kalamu ya Ratri ilikuwa inakaribia "Ndiyo" alipohisi Yunita anachungulia begani kwake. Haraka akaweka alama kwenye "Hapana", akaigeuza karatasi. Siku nzima alijiona mjinga, lakini hakumwambia mtu.

Jumapili ukoo ulikusanyika kwa Bibi. Wanawake walikuwa jikoni wakikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, na kukatakata pilipili. Alikuwepo mama mdogo Widuri, mshonaji wa sare za shule, aliyekuwa ameolewa miaka tisa bila kupata mtoto. Alikuwepo pia dada yake, mama mkubwa Darsih, ambaye ulimi wake uliogopwa na mtaa mzima.

"Widuri," Darsih alianza, "cherehani yako haichoki! Kila mwaka unawashonea watoto wa watu. Za wako tutaziona lini? Au unasubiri mumeo akuletee mtoto kutoka nyumba nyingine?"

Wanawake wakacheka. Siku zote Widuri naye alicheka kidogo na kugeukia vyombo. Safari hii aliweka kisu chini.

"Dada, nitakujibu leo ili usiniulize tena. Nina ugonjwa unaoitwa endometriosisi. Nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi imeota nje ya mfuko, mahali isipotakiwa. Kila mwezi inavimba na kuvuja damu, inaacha makovu. Kwangu makovu yameziba mirija, yai halipiti. Ndiyo maana sina mtoto. Si laana. Wala si baiskeli niliyopanda utotoni, kama ulivyowatangazia watu kwenye harusi ya jirani yetu Wagiman."

"Widuri!" Bibi akamaka. "Mambo hayo mbele ya watoto?"

"Nayasema mbele ya watoto makusudi, Mama. Nilianza kuumwa nikiwa na umri wa Ratri. Nilitapika, nilizimia, mkaniambia ninyamaze. Nikanyamaza miaka kumi na moja, mpaka daktari aliponifanyia upasuaji mdogo na kuingiza kamera tumboni ndipo akaona."

Darsih akageuza kipande cha tempe kilichokuwa kimeshaungua.

Ratri, aliyekuwa akimenya vitunguu pembeni, alisahau kitunguu mkononi. Kila neno lilikuwa lake. Jioni alivuka uchochoro kwenda kwa Widuri, akamkuta anaandika kwenye daftari.

"Mama mdogo, na mimi naumwa hivyo hivyo."

"Kaa hapa. Nieleze."

Ratri akaeleza yote: uwanja, soksi, kicheko, mpaka fomu. "Nikaandika 'hapana'," akamaliza, machozi yakimtoka.

Widuri hakumgombeza. Alimsogezea daftari. Kila siku ilikuwa na namba, kuanzia sifuri mpaka kumi.

"Daktari wangu, Anindita, anafanya utafiti," alisema. "Leo hii kuugundua ugonjwa huu ni kazi. Wengine mpaka wapasuliwe, na wasichana wengi huambiwa hawana kitu. Daktari anatafuta alama kwenye damu, wenyewe wanaziita viashiria vya kibiolojia, ili siku moja kipimo cha damu tu kimwambie msichana mapema. Bado hajazipata kwa uhakika. Mimi natoa damu kila mwezi, na kila siku naandika nimeumwa kiasi gani. Yeye anaviweka pamoja, damu na daftari. Nikiandika mbili wakati ni nane, damu yangu itasema kweli na mkono wangu utasema uongo. Nitakuwa nimeharibu kazi yote."

"Utafiti huo utakusaidia upate mtoto?"

"Mimi, pengine hapana." Widuri akafunika kalamu yake. "Lakini sitaki binti mwingine anyamazishwe miaka kumi na moja."

Ratri akafuta machozi. "Fomu bado ziko shuleni. Kesho naenda kusahihisha yangu."

"Nije nawe?"

"Njoo. Ila nitasema mwenyewe."

Asubuhi, kabla kengele haijalia, walisimama ofisini mwa mwalimu mkuu, Bi Hartini. Mwalimu Gunadi naye alikuwemo. Ratri alieleza kwamba aliandika "hapana" na sasa anataka kusahihisha.

"Fomu zimeshafungwa, zinapelekwa kituoni leo," Gunadi alisema. "Na wewe mwenyewe uliandika huumwi. Tumwamini Ratri wa Jumatano au wa leo?"

"Wa leo, Mwalimu. Umeniita mwongo miezi mitatu, na sikuwahi kukudanganya. Uongo wangu ni mmoja tu, ni pale nilipoandika 'hapana'. Niliandika kwa sababu mlinicheka. Nimekuja kusahihisha, na sitoki hapa mpaka nisahihishe."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Naongea na mwalimu wangu," Ratri alijibu. Macho hakuyainamisha.

Bi Hartini alifungua bahasha, akaitafuta fomu na kumpa kalamu. Ratri alikata "Hapana" kwa mstari mmoja mnene, akaweka alama kwenye "Ndiyo". Pembeni akaandika: "Natapika. Siwezi kusimama. Ni miezi minane sasa."

Alipotoka, Yunita alikuwa mlangoni. Ratri akakaza uso, tayari kwa dhihaka.

"Siku ile nilikuchungulia nione umejibu nini," Yunita alisema kwa sauti ndogo, "ili na mimi nijibu hivyo hivyo. Nami huwa naumwa, Ratri. Nilikucheka ili wasinicheke mimi."

"Kwa hiyo?"

"Nisamehe. Bahasha bado iko wazi?"

Mpaka saa sita mchana, wasichana watano walikuwa wamebisha hodi ofisini kusahihisha swali la saba.

Wiki mbili baadaye, Ratri alikwenda hospitali na Widuri. Bibi Sumiyem aling'ang'ania kufuatana nao. Daktari Anindita alimuuliza Ratri maswali mengi, akampima tumbo kwa mashine ya picha.

"Siwezi kukuambia leo kwamba unao ugonjwa huu au huna," alisema. "Katika umri wako haujionyeshi kirahisi. Lakini maumivu yako ni ya kweli, na tutayatibu." Akampa dawa za kumeza mara tu maumivu yanapoanza, na daftari lake mwenyewe, kisha akampangia kurudi kila miezi mitatu.

"Daktari," Bibi akauliza, "mjukuu wangu atazaa?"

"Wanawake wengi wenye ugonjwa huu huzaa, Bibi. Lakini huyu anaumwa leo. Tuanze na leo."

Walipofika nje, Bibi alimshika Ratri mkono. "Nilidhani nakulinda nilipokunyamazisha," alisema. "Nilimfanyia hivyo mama yako mdogo, nikakufanyia na wewe. Nilikosea."

Miezi miwili baadaye, Ratri alisimama mpaka wimbo wa taifa ukaisha. Tumbo lilimuuma, lakini kidogo. Mwalimu Gunadi alisogea mbele ya mistari, akakohoa. "Nilimwita mwanafunzi mwongo mbele yenu," alisema. "Hakuwa mwongo. Ratri, niwie radhi. Kuanzia leo, anayeumwa aende chumba cha huduma ya kwanza, hatadaiwa ushahidi."

Siku hiyo hiyo Bi Hartini alimwalika Widuri azungumze ukumbini na wanafunzi wote, na Bibi Sumiyem akaja kusikiliza. Mvulana mmoja alinyoosha mkono.

"Sasa sisi wavulana yanatuhusu nini?"

"Una dada?" Widuri alimuuliza.

"Wawili."

"Basi yanakuhusu mara mbili. Mmoja wao akisema anaumwa, usicheke. Mletee maji, mwite mtu mzima." Kisha akawageukia wote. "Kusema kweli kuhusu mwili wako si utovu wa adabu, wanangu. Ukificha maumivu, hata daktari hodari hana pa kuanzia. Mkiumwa, semeni mnaumwa. Asiposikia wa kwanza mwambieni wa pili, na wa tatu, mpaka apatikane anayesikia."

"Na mkikutana na bibi kama mimi," Bibi Sumiyem akapaza sauti kutoka kiti cha nyuma, "ongezeni sauti!"