Nusu ya Waliolazwa

"Usiingie," mchumba wake alimwambia, amesimama katikati ya mlango wa wodi. "Mama akikuona atataka kuongea, na pumzi zenyewe hana."

Msemaji wa idara ya afya, mtu wa kuongea na nchi nzima bila kumeza mate, alibaki ameikumbatia chupa yake ya chai. Jamani, aibu!

Siku chache nyuma alitangaza redioni kwamba nusu ya waliolazwa kwa homa iliyozuka walikuwa wamechanjwa. Kweli tupu. Mama mkwe alimsikia akiwa kwenye foleni ya chanjo. Watangazaji wengine huwa siwaamini hata kidogo, lakini huyu ni mkwe wangu, alisema, hawezi kunidanganya. Akarudi zake nyumbani.

"Sikudanganya," msemaji alisema kwa sauti ya chini.

"Najua. Ndiyo maana hata kukugombeza nashindwa. Ila mambo ya harusi tuyaache kwanza."

Alikwenda moja kwa moja kazini kuomba alirekebishe tangazo lile. Bosi wake alishangaa: takwimu ni sahihi, sasa unarekebisha nini? Ukijianika hewani, kazi huna. Jioni alipokaa mbele ya kinasa sauti, aliiweka kando taarifa aliyopewa.

"Tuseme mtaa una watu mia. Tisini wamechanjwa, kumi bado. Wamelazwa kumi, watano huku, watano kule. Hiyo ndiyo nusu niliyoisema. Lakini waliochanjwa wamelazwa watano kati ya tisini. Wasiochanjwa, watano kati ya kumi. Chanjo inakinga. Mimi niliishia kwenye nusu, na mama mkwe wangu akatoka kwenye foleni kwa kuniamini. Leo yuko wodini. Naona aibu. Mama, nisamehe."

Alitoka studio simu ya bosi ikiita. Hakupokea. Ikaingia meseji ya mchumba wake:

"Mama amekusikia. Anasema hivyo ndivyo ungesema tangu mwanzo. Njoo."

Alifika mbio. Mama mkwe alivuta pumzi, akaiteremsha barakoa ya oksijeni.

"Mkwe, sikutoka peke yangu. Niliwaondoa na majirani zangu kwenye foleni."

Akafumba macho, machozi yakamtoka. Kumbe aibu ile walikuwa nayo wawili.

Mchumba wake alisogea kwenye benchi, akampa msemaji nafasi, akapiga namba ya jirani wa kwanza na kumshikisha simu. Mkono wake hakuuondoa.

"Shikamoo mama," msemaji alianza. "Ni mimi, yule wa redioni."