Alama Ishirini

Mimi huitwa Kiroboto, na si bure: kukaa kitako dakika tano kwangu ni adhabu. Jioni moja, nilipomaliza kuosha vyombo, shangazi yangu, muuguzi wa zahanati ya mtaani, alinikabidhi karatasi.

"Pita nyumba zote ishirini. Uliza kila mtu anataka apateje habari za zahanati kwenye simu yake: aandikiwe ujumbe, apigiwe asikie sauti, au abonyeze namba aulize mwenyewe. Weka alama."

"Sawa, shangazi."

Lo, nyumba ishirini! Na wenzangu walikuwa wanaruka kamba uani. Nikaketi ngazini, nikaweka alama zote ishirini kwenye "ujumbe", kisha nikaenda kucheza. Giza lilipoingia nikamrudishia karatasi.

"Wote wanataka kuandikiwa?" aliuliza.

"Wote, shangazi."

Jumamosi asubuhi simu ya mama ililia. Nikasoma: "Maji ya bomba yamechafuka. Msinywe bila kuchemsha, hasa watoto."

Bibi jirani, yule msuka mikeka, haoni herufi hata kidogo, naye analea mjukuu wa mwaka mmoja! Nilitoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Nilimkuta ameinua kikombe, kimefika midomoni mwa mtoto.

"Bibi, usimpe!"

"We mtoto! Hodi huna, salamu huna?"

"Maji ni machafu, Bibi! Amekunywa?"

"Bado. Nani kasema?"

"Umeletewa ujumbe kwenye simu."

"Hiki?" Aliinua kisimu chake. "Kimelia sasa hivi, nikadhani kinataka chaji. Macho haya yasome nini? Si mngenipigia tu? Masikio yangu mazima."

Nilimwaga yale maji huku nalia. Kisha nikaenda kwa shangazi, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Akaanza kuwapigia majirani mmoja mmoja, halafu akanipa karatasi mpya.

Safari hii nilibisha kila mlango. Fundi viatu hakujua kusoma, akataka sauti. Seremala hasikii, akagusa neno "ujumbe" kwa kidole. Mama muuza mboga alitaka kubonyeza mwenyewe, maana mchana hana nafasi ya kupokea simu. Bibi alitaka kupigiwa, "na aseme polepole, asinikimbize kama wewe."

Wiki iliyofuata simu ya Bibi iliita, nikiwa nimembeba mjukuu wake. Ilikuwa sauti ya shangazi iliyorekodiwa: maji ni salama tena.

"Ahsante, mwanangu! Na nyumbani hawajambo?" Bibi akaijibu ile mashine. Nikacheka hadi mbavu zikauma.

Jioni nilimsimulia shangazi. Naye alicheka, kisha akanishika bega.

"Tuliwafungulia watu milango mitatu. Wewe ukafunga miwili, tena kwa kalamu tu. Njia ya mwongo ni fupi, Kiroboto. Yako nusura iishie kwenye kikombe cha mtoto."